Kuhesabu mapigo na kusoma namba za mwanzo wa wimbo: maswali ya wanakwaya na wapiga kinanda

Maswali haya hurudi karibu kila kwaya inapofungua wimbo mpya. Yameanzia kwa mtu ambaye hajawahi kusoma nota hata moja na kuishia kwa anayepiga samai au rumba. Jibu likitegemea jambo lililokwisha kuelezwa, utapewa namba ya swali ili usilisome mara mbili.

## Mwanzo kabisa

1. Pigo, mdundo na mwendo vinatofautianaje?

Simama, imba Wimbo wa Taifa wa Tanzania huku unatembea papo hapo. Nyayo zako zinazogusa chini kwa nafasi sawa ni mapigo. Silabi unazoimba, nyingine ndefu na nyingine fupi, ni mdundo. Ukitembea haraka zaidi au polepole zaidi umebadilisha mwendo, lakini mapigo na mdundo vimebaki vilevile.

Anayeanza huchanganya pigo na mdundo: akiambiwa apige makofi ya mapigo, hupiga kofi kwa kila silabi. Dawa ni miguu. Miguu ikae kwenye pigo, makofi yafuate maneno, kisha ubadilishe: makofi kwenye pigo na mdomo kwenye maneno. Usiguse karatasi ya nota mpaka hili liwe rahisi, kwa sababu kila jibu linalofuata limesimama juu yake.

2. Zile namba mbili zilizopandana mwanzoni mwa wimbo zinasema nini?

Namba ya juu inakwambia kila baa, yaani kipande cha wimbo kilicho kati ya mistari miwili ya wima, ina vitu vingapi. Namba ya chini inakwambia vitu hivyo ni nota za aina gani: 2 ni nota nusu, 4 ni nota robo, 8 ni nota ya nane (sehemu moja ya nane ya nota nzima). Kwa hiyo 3/4, tunayoitamka tatu kwa nne, ni robo tatu katika kila baa. 4/4 ni robo nne. 6/8 ni nota za nane sita.

Nimesema “vitu”, sikusema “mapigo”, na nimekusudia. Katika 2/4, 3/4 na 4/4 namba ya juu ndiyo idadi ya mapigo. Katika 6/8 sivyo, na hapo ndipo wengi hupotea. Tazama swali la 11.

Namba hizi hazisemi chochote kuhusu mwendo. Wimbo wa 4/4 unaweza kuwa wa mazishi au wa harusi.

3. Mbona chini hakuna 3 wala 5?

Kwa sababu nota hugawanyika kwa mbili kila mara: nzima, nusu, robo, ya nane, ya kumi na sita. Namba ya chini lazima iwe jina la mojawapo ya hizo. Juu inaweza kukaa namba yoyote.

4. Nimeona herufi C badala ya namba. Ni nini?

Isome kama 4/4. Si herufi, bali ni nusu duara iliyobaki kutoka kwenye maandishi ya muziki ya Ulaya ya karne za kati. Ikikatwa kwa mstari wa wima, isome kama 2/2: hesabu mbili kwa baa, na kila pigo ni nota nusu. Ukiuhesabu wimbo huo kwa nne hutakosea nota, ila kwaya itasikika nzito.

5. Kwaya yetu inatumia solfa tu. Mapigo yanasomwaje humo?

Vizuri sana, kwa kweli, na anayetumia solfa asijione amechelewa. Mfumo huu wa kuandika do, re, mi kwa herufi d, r, m ulianzishwa na Sarah Glover wa Norwich, Uingereza, ukaendelezwa na John Curwen katika karne ya 19, na wamisionari wakaueneza Afrika. Enoch Sontonga wa Afrika Kusini, aliyetunga mwaka 1897 wimbo ambao sauti yake ndiyo ya “Mungu ibariki Afrika”, aliuandika kwa solfa.

Katika solfa hakuna haja ya kujua umbo la nota. Unaangalia alama zilizo kati ya herufi:

| d : r | m : f |

Mstari wa wima unaonyesha kwamba pigo linalofuata lina nguvu. Nukta mbili (:) zinatangulia pigo dhaifu. Katika 4/4 mstari wa katikati huandikwa mfupi, kwa sababu pigo la tatu lina nguvu kidogo kuliko la pili na la nne, ila halifikii la kwanza. Nukta moja (.) inalikata pigo nusu kwa nusu: d . r ni nota mbili katika pigo moja. Mkato (,) unaikata nusu hiyo tena. Kistari (–) kinasema endelea kushika nota iliyotangulia. Nafasi tupu ni kimya.

Kosa la kawaida ni kusoma herufi na kuziruka alama. Mwalimu akiwaandikia wimbo ubaoni, someni kwanza alama peke yake kwa makofi, bila do wala re. Mkiweza hivyo, sauti zitakuja zenyewe.

## Kuhesabu kwa mdomo

6. Nihesabu vipi kwa Kiswahili? Vitabu vinasema niweke “na” kati ya namba.

Kwa nusu pigo, huna haja nayo. Kiswahili kimetupa zawadi hapa: moja, mbili, tatu, nne, tano, sita, saba, nane, kila namba ina silabi mbili. Hata nne ni n-ne. Kwa hiyo ukisema “mo-ja mbi-li ta-tu n-ne” kwa nafasi sawa, tayari umegawa kila pigo katika nusu mbili. Silabi ya kwanza inakaa kwenye pigo na ya pili inakaa katikati.

Pigo likigawanyika kwa tatu, ongeza “na”: mo-ja-na, mbi-li-na. Angalia tu usiyatamke kama neno moja, maana mkazo utahamia kwenye “ja”. Ubaki kwenye “mo”.

Tahadhari moja. Nota ikiwa ya pigo zima, silabi mbili za “moja” zinaweza kukudanganya ukaimba nota mbili. Kama linakutokea, fupisha: mo, mbi, ta, n. Watoto hulizoea upesi kuliko watu wazima.

7. Shuleni Kenya tulifundishwa “taa” na “ta-te”. Je, ni njia tofauti?

Ni njia nyingine ya kufikia palepale, nayo ni nzuri. Taa ni robo. Ta-te ni nota za nane mbili. Taa-aa ni nusu. Tafatefe ni nota nne za kumi na sita ndani ya pigo moja.

Faida ya tafatefe ni kwamba namba haziwezi kuifanya kazi hiyo vizuri, na faida ya namba ni kwamba zinakwambia uko wapi ndani ya baa. Mimi hutumia vyote viwili: namba kwa kujua mahali, tafatefe kwa kugawa pigo gumu. Asikulazimishe mtu kuchagua.

8. Nukta iliyo kando ya nota inanisumbua. Nihesabu vipi?

Nukta inaiongezea nota nusu ya urefu wake. Nusu ni mapigo mawili, kwa hiyo nusu yenye nukta ni matatu. Hiyo haina shida. Inayosumbua ni robo yenye nukta ikifuatwa na nota ya nane, ambayo katika solfa ni d : – . r.

Hesabu “mo-ja-mbi-li”. Imba nota ya kwanza kwenye “mo”, ishike kupitia “ja” na “mbi”, kisha ile fupi iangukie “li”. Kwaya nyingi huiwahisha ile fupi, na baa nzima inapungua. Mtu mmoja akisema “mbi” kwa sauti huku wengine wanashika, kosa hilo huisha.

Nota ya nane yenye nukta ikifuatwa na ya kumi na sita, tumia tafatefe: imba kwenye “ta” na kwenye “fe” ya mwisho.

9. Kimya kinahesabiwa?

Kinahesabiwa kama nota nyingine yoyote, na ndicho kinachoonyesha kama kwaya imejifunza. Wakati wa mazoezi pigeni kidole gumba pajani katika kila kimya. Besi na teno waliokaa kimya baa nne wahesabu “moja mbili tatu nne, mbili mbili tatu nne, tatu mbili tatu nne, nne mbili tatu nne”: namba ya kwanza ya kila kundi inataja baa ya ngapi.

10. Nitajuaje wimbo una mapigo mangapi kwa kuusikia tu?

Kwa maswali mawili, na usiyachanganye.

La kwanza: mkazo unarudi baada ya mapigo mangapi? Acha mguu ugonge wenyewe. Tafuta pigo ambalo besi au ngoma kubwa inakaa, liite moja, hesabu mpaka lirudi. Likirudi baada ya mawili au manne, uko kwenye familia ya mbili. Baada ya matatu, uko kwenye tatu. Kutofautisha 2/4 na 4/4 kwa sikio wakati mwingine hakuwezekani, na si aibu.

La pili: ndani ya kila pigo, vitu vidogo ni viwili au vitatu? Jaribu kusema “mo-ja mbi-li” juu ya muziki, kisha “mo-ja-na mbi-li-na”. Moja itakaa, nyingine itagombana. Ikikaa ya “na”, wimbo uko 6/8, 9/8 au 12/8: mapigo mawili, matatu au manne, kila moja likiwa na vitatu ndani.

## Sita kwa nane

11. 3/4 na 6/8 zote zina nota za nane sita katika baa. Tofauti ni nini basi?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu mtu anayetoka pwani analijibu mwilini kabla hajalijibu kwa akili.

Sema polepole: mo-ja mbi-li ta-tu. Silabi sita, mikazo mitatu. Hiyo ni 3/4. Sasa sema: mo-ja-na mbi-li-na. Silabi sita zilezile, kwa urefu uleule, lakini mikazo miwili. Hiyo ni 6/8. Namba ya vitu haikubadilika, kilichobadilika ni namna vilivyopangwa kwenye mafungu.

Ndiyo maana 6/8 huhesabiwa mbili unapokuwa mwendo wa kawaida. Kila pigo ni robo yenye nukta. Ukienda polepole sana unaweza kuhesabu zote sita, ila sikia nguvu kwenye ya kwanza na ya nne. Wimbo wa Krismasi wa “Usiku Mtakatifu”, ambao sauti yake ni ya Franz Xaver Gruber wa Austria ya mwaka 1818, huandikwa 6/8, na vitabu vingine huuandika 3/4. Kwa mwendo wake wa pole zote zinaimbika. Ukiuhesabu kwa 6/8 unabembea. Ukiuhesabu kwa tatu unatembea. Mwalimu achague moja na kwaya nzima imfuate.

12. Kwenye chakacha mguu wangu unasema mbili, lakini ngoma moja inasema tatu. Nani yuko sahihi?

Wote. Chakacha ya pwani hutembea katika 6/8, na utamu wake ni kwamba zile sita zinagawanywa kwa njia zote mbili za swali la 11 wakati mmoja. Anayecheza anaweza kukaa upande mmoja na kuhamia mwingine bila muziki kubadilika.

Jifunzeni hivi. Kundi la kwanza lipige makofi kwenye 1 na 4. Kundi la pili kwenye 1, 3 na 5. Wote wahesabu moja hadi sita kwa sauti, bila kukoma. Mtasikia kofi la pamoja kwenye 1, kimya kwenye 2, halafu 3, 4 na 5 zinafuatana kwa zamu, na kimya tena kwenye 6. Mkishalisikia jibu hilo moja linalotoka kwa makundi mawili, acheni kuhesabu. Kisha kila mmoja ajaribu peke yake, mkono wa kulia mbili, wa kushoto tatu.

Usikubali kuambiwa kwamba huu ni muziki rahisi usio na nadharia. Wanafunzi wa piano huko Ulaya huuhangaikia mgawanyo huuhuu, na bibi zetu waliucheza arusini tangu wakiwa wasichana.

13. Kinanda changu cha umeme kina midundo mingi. Nichague upi?

Chagua kwa kufuata namba za wimbo kwanza, ladha baadaye. Wimbo wa 3/4 unataka mdundo wa waltz. Wa 6/8 unataka mdundo wa 6/8. Ukiweka mdundo wa 4/4 juu ya wimbo wa 6/8, kwaya italazimika kunyoosha silabi ili zilingane na ngoma, na wimbo utageuka kuwa mwingine. Kama kinanda hakina mdundo unaofaa, zima ngoma.

## Maneno na mapigo

14. Kwa nini baadhi ya nyimbo zilizotafsiriwa zinasikika kama mtu anatamka Kiswahili vibaya?

Kwa sababu mkazo wa neno la Kiswahili hukaa silabi ya pili kutoka mwisho: a-si-FI-we, mbi-NGU-ni, ma-la-I-ka. Hata anayezungumza lugha hii tangu utotoni hulazimika kusikiliza. Nyimbo nyingi za Kiingereza na Kijerumani humaliza mstari kwa silabi yenye mkazo, nayo imewekwa kwenye pigo lenye nguvu. Mtafsiri akijaza silabi za Kiswahili kwa kuzihesabu tu, silabi ya mwisho, ambayo kwetu haina mkazo kamwe, inaangukia pigo la kwanza. Mizani imetimia lakini neno limepinda.

Mara nyingi inarekebishika bila kugusa sauti ya wimbo. Mstari ukiisha kwa nota ndefu ya mapigo matatu, igawe: silabi yenye mkazo ichukue mapigo mawili, ya mwisho ichukue moja. Silabi ikizidi mwanzoni, isogeze kabla ya baa (swali la 15). Na unapotunga wimbo mpya, anza kwa kusema maneno kwa sauti ya kawaida huku unatembea. Silabi zinazotaka kuanguka na mguu ndizo za pigo lenye nguvu. Andika baa kuzizunguka hizo, usifanye kinyume chake.

15. Wimbo unaanza kabla ya pigo la kwanza. Nianze kuhesabu wapi?

Hesabu baa nzima kama kawaida na uingie pale wimbo unapoingia. “Happy Birthday” unaoimbwa kwenye kila keki ni 3/4, na neno la kwanza liko kwenye pigo la tatu. Kwa hiyo mwongozaji aseme “moja, mbili”, na watu waingie kwenye tatu. Pigo lenye nguvu linakuja na neno la pili.

Nota hizo za kabla huazimwa kutoka baa ya mwisho. Ukikuta baa ya mwisho ina mapigo mawili tu katika wimbo wa 3/4, mchapaji hakukosea.

## Kwaya inakimbia, kwaya inaburuta

16. Tunaanza vizuri na kumaliza tukiwa tumekimbia. Kwa nini?

Mara nyingi wanaokimbia hawakimbii kwenye nota fupi, wanakimbia kwenye ndefu na kwenye kimya. Nota ya mapigo manne inashikwa matatu na nusu, kimya kinamezwa, nota yenye nukta inakatwa (swali la 8). Wimbo wa beti tano ukipunguza kidogo kila mstari, mwisho unakuwa mbio. Imbeni wimbo mzima huku kila mtu akinong’ona nusu pigo, “mo-ja mbi-li”, ndani ya nota ndefu.

Kuburuta ni kinyume: kwaya inasubiri kumsikia mpiga kinanda ndipo iimbe, na mpiga kinanda anaisubiri kwaya. Hapo mmoja lazima aongoze. Pumzi nayo huhusika. Ivutwe ndani ya pigo la mwisho la mstari, isiongezewe pigo lake.

17. Metronomu inafaa?

Kifaa hiki kinachogonga mapigo kwa nafasi sawa kinafaa kwa mazoezi. Johann Maelzel aliipatia hataza mwaka 1815, na leo ipo bure kwenye simu. Pigo 60 kwa dakika ni pigo moja kila sekunde. Weka mwendo ambao unaweza kuimba bila kosa, hata kama ni nusu ya ule wa kweli, kisha panda taratibu.

Ukishaizoea, iweke igonge nusu ya mara: katika 4/4 igonge kwenye la pili na la nne tu. Utajua mara moja kama pigo liko ndani yako au kwenye simu.

18. Mkono wa mwongozaji unachora nini?

Pigo la kwanza ni chini, siku zote, na la mwisho ni juu. Kwa mbili: chini, juu. Kwa tatu: chini, kulia, juu. Kwa nne: chini, kushoto, kulia, juu. 6/8 ya haraka huongozwa kama mbili. Mwanakwaya aliyepotea asubiri tu mkono ushuke chini, aingie hapo.

## Mambo magumu kidogo

19. Rumba imeandikwa 4/4, mbona gitaa halikai kwenye pigo?

Rumba ya Kongo ilikua kwa kusikiliza sahani za muziki wa Kuba, na kutoka huko ilichukua klave, yaani mpangilio wa makofi matano unaojirudia. Gawa 4/4 katika vitu vidogo 16, kisha viweke katika mafungu: 3+3+4+2+4. Kofi linapigwa mwanzo wa kila fungu, yaani matano. La kwanza linaanguka kwenye pigo, la pili na la tatu yanakwepa, la nne linakwepa pia, na la tano linarudi kwenye pigo la nne. Hesabu kwa mdomo “moja mbili tatu, moja mbili tatu, moja mbili tatu nne, moja mbili, moja mbili tatu nne”, upige kofi kila unaposema moja, huku mguu ukigonga mapigo manne yaliyo sawa. Anza polepole mno. Mguu ukianza kufuata mikono, simama na uanze upya.

20. Samai ina kumi. Kumi inahesabiwaje?

Kwa mafungu, daima. Samai thakil ya muziki wa Kiarabu na Kituruki, ambao taarabu ya Unguja imechota kwao mengi, ni 10/8 iliyopangwa 3+2+2+3:

DUM – – TAK – DUM DUM TAK – –

Dum ni pigo zito la katikati ya ngoma, tak ni kali la ukingoni, na kistari ni kimya. Usihesabu moja hadi kumi, utachoka na utapotea. Sema sauti zenyewe kama wapiga dumbaki wasemavyo. Namba yoyote isiyo ya kawaida inafuata kanuni hiyohiyo: 5 ni 3+2 au 2+3, 7 ni 2+2+3 au mpangilio mwingine wake. Uliza mafungu kabla ya kuuliza jumla. Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi kule Unguja ni mahali pazuri pa kuyasikia mapigo haya yakifundishwa kwa mkono.

21. Namba zinabadilika katikati ya wimbo. Nifanye nini?

Tafuta kitu ambacho hakikubadilika. Kutoka 4/4 kwenda 3/4, robo kwa kawaida hubaki na urefu uleule, ni baa tu iliyofupika. Kutoka 3/4 kwenda 6/8 kuna njia mbili: ama nota ya nane inabaki sawa, ama pigo zima linabaki sawa. Mtunzi mwangalifu huandika ipi juu ya mstari. Kama hakuandika, mwalimu aamue mazoezi ya kwanza na amwambie mpiga kinanda, maana wawili hao wakitofautiana hakuna mwanakwaya atakayewaokoa.

22. Na sehemu zisizo na mapigo kabisa?

Zipo. Mawali ya mwimbaji wa taarabu kabla ngoma hazijaingia hayahesabiwi, na zaburi inayosomwa kwa sauti moja inafuata maneno. Humo sikiliza pumzi ya anayeongoza.

Nusu duara yenye nukta juu ya nota ni jambo dogo la aina hiyohiyo: hesabu inasimama mpaka mwongozaji aikate. Baada ya hapo mapigo huanza upya kwa mwendo wa awali, kwa hiyo macho yawe kwenye mkono na si kwenye karatasi. Andikeni duara la penseli kwenye nota hiyo katika kila nakala.